Niambie Siku

Nasimiyu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umenikasirikia tangu jana mchana. Leo umepita sebuleni ukiwa na nguo mkononi bila kunitazama, ukamwuliza mama yako chaja iko wapi, na chaja ilikuwa mbele yangu, juu ya meza hii ninayoandikia. Mimi pia nina hasira, ila yangu imepoa kidogo kwa sababu ya uzee. Sasa umeenda Umoja kuwaaga rafiki zako, na mama yako amepeleka sanduku lako kwa fundi wa zipu. Zipu imekatika kwa sababu nyinyi wawili mlitaka kila kitu kiingie, hadi sufuria. Nimebaki peke yangu na jioni hii. Nikingoja urudi tuongee, najua tutafanya mkutano mwingine nao utaharibika kama wa jana, kwa hiyo naandika.

Mambo ya neti ya mbu, maji ya kuchemsha na kutopanda pikipiki bila kofia, mama yako ameshayasema na atayasema tena kesho stejini ukipanda basi. Mimi nina jambo moja. Ni ile sentensi iliyo juu ya andiko lako la mradi, ambayo Jumatatu utasimama mbele ya wazee na akina mama wa kule Turkana uisome kwa sauti, kisha uitie sahihi kama msimamizi. Ni mradi wako wa kwanza kusimamia. Jana ulinigeuzia kompyuta mezani ili niisome, na uso wako ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu umalize chuo. Iliandikwa hivi: Kuboresha afya ya mama na mtoto katika kata nzima kabla ya mvua za masika.

Nikasoma. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Kisha nikasema, "Hili si lengo, Nasimiyu. Hili ni ombi la Jumapili."

Najua sauti niliyotumia. Mama yako aliweka mwiko chini.

"Baba, hivyo ndivyo zinaandikwa siku hizi," ulisema. "Nikiandika kachumba kamoja ka kuzalia, nani atashtuka? Wafadhili wanataka kuona maono."

"Hayo maono yana mlango?"

"Wewe kila kitu lazima ukipunguze."

"Nataka tu kujua utajuaje kwamba umemaliza."

Ndipo ulipofunga kompyuta. "Wewe ndiye wa kunifundisha malengo? Wewe? Baba Mkubwa alikaa mochari hadi walinzi wa pale wakamjua kwa jina. Na mwenyekiti alikuwa nani?"

Uliingia chumbani, na ule ugali wako ukaliwa jioni na ndugu yako aliyekuja kuuliza, "Kwani hapa kumeendaje?" Mama yako akamwambia ale anyamaze.

Ulisema kweli, na ilinichoma kwa sababu ulikuwepo. Ulikuwa mdogo, darasa la tatu. Mama yako alikupakia begi la kwenda mazishini, akakuombea ruhusa shuleni, kisha begi likafunguliwa. Likapakiwa tena, likafunguliwa tena. Mara ya pili ulilia ukauliza kama Baba Mkubwa hataki kwenda nyumbani. Mimi nilikuwa nafunga tai niende mkutanoni. Lakini kuna upande ambao mtoto hakuuona, upande wa ndani wa ile kamati ya mazishi, na nataka uujue kabla ya Jumatatu. Sikwambii ili unihurumie. Kisa ni chako kukitumia utakavyo, hata kunirushia tena.

Kaka yangu Wanyonyi, huyo Baba Mkubwa wako, ndiye aliyenileta Nairobi. Alikuwa na kazi kwenye kiwanda cha rangi kule Baba Dogo, na chumba kimoja hapa Mowlem, na katika chumba hicho nililala sakafuni hadi nilipomaliza shule na kupata ukarani jijini, ofisi ya ujenzi. Alinilisha, akanivisha, akanisomesha, na baada yangu akawasomesha wengine. Kwa hiyo hakujenga nyumbani. Kila Krismasi alisema mwaka ujao ataweka msingi. Kisha akaugua kifua, na kabla hatujazoea kwamba anaumwa, akafa.

Unajua desturi yetu. Mtu mwenye mke hawekwi kaburini nyumbani kama hana nyumba. Lazima kuwe na paa lake na mlango wake, mwili uletwe mbele ya mlango huo. Na waombolezaji hawalali ndani. Wanalala nje kando ya moto hadi mazishi yapite, na kwa kawaida ni siku chache tu, watu wanavumilia baridi kwa sababu wanaujua mwisho wake.

Jioni ya kwanza tulipokutana kwa Mama Mkubwa Rispa, mjane, nilichaguliwa mwenyekiti. Nilikuwa na elimu, nilikuwa na tai, na faili za miradi ya watu zilikuwa zinapita mezani kwangu kila siku. Kukhu, nyanya yako na mama yetu, alikuwa ameshanipigia simu kutoka Bungoma kwa simu ya jirani. Maneno yake nayakumbuka yote kwa kuwa yalikuwa machache. "Wafula, mwanangu hana nyumba hapa. Mjengeeni hata ya udongo. Mlango tu uwepo. Jumamosi ijayo nitawangoja."

Lile lilikuwa lengo, Nasimiyu. Nyumba ya udongo, mlango, Jumamosi. Vijana wa kijijini wangeimaliza kwa siku mbili. Mtu yeyote angeweza kusimama kwenye ua siku ya Ijumaa akatazama na kusema imekuwa au haijakuwa.

Mimi nikasimama sebuleni kwa mjane, watu wamejaa hadi kwenye ngazi, nikasema, "Kaka yangu alituheshimu sisi sote. Tutamzika kwa heshima inayomfaa." Watu walipiga makofi. Mzee mmoja wa kanisa alifuta machozi. Hakuna aliyeuliza heshima hiyo ina vyumba vingapi, wala itafika siku gani, na mimi nilirudi nyumbani nikimwambia mama yako kwamba mkutano umeenda vizuri sana.

Ulienda vizuri kwa sababu lile neno lilimtosha kila mtu. Watu wa kanisa waliposikia heshima waliona kwaya nzima ikisafiri na sare mpya. Wenzake wa kiwandani waliona jeneza la mbao ngumu. Shemeji zake waliona hema na vipaza sauti. Mimi niliona nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye madirisha ya chuma. Sote tulikubaliana kabisa, na kila mmoja alikuwa amekubali kitu chake.

Baada ya hapo tukaanza kukutana kila jioni. Ungetuona ungedhani tunafanya kazi. Tulikuwa na katibu, mweka hazina na kamati ndogo ya usafiri, na kila mkutano uliongeza jambo, hakuna hata mmoja uliopunguza. Kuna jioni mbili nzima tulizojadili maua ya madirisha, yaani yale mapambo ya chuma, kwa sababu fundi wa Kariobangi alikuwa na michoro ya aina nyingi na kila mtu alipenda wake. Madirisha yakachomelewa, yakapakwa rangi ya samawati, yakasafiri juu ya basi hadi Bungoma kabla nyumba haijafika kimo cha dirisha. Kisha mvua ikanyesha. Lori la matofali likakwama kwenye tope. Fundi akaona siku zinakwenda, akachukua kazi nyingine Webuye. Jumamosi ya Kukhu ikapita.

Nilimpigia simu. Nilimwambia tunamjengea Wanyonyi nyumba ya matofali.

"Inachukua muda gani?" akauliza.

"Si muda mrefu, Mama. Hivi karibuni tutafika."

Akasema, "Haya. Mimi niko hapa nje."

Nilisikia hilo neno, nje. Nilikuwa na haraka, watu walikuwa wananingoja mkutanoni, na nikaliacha lipite.

Ukiniuliza leo kwa nini nilishikilia matofali, nitakwambia ukweli ambao sikuujua wakati ule. Nilimwonea haya marehemu. Nilikuwa nimelala kwenye sakafu yake, nimekula chakula chake, na sikuwahi kumwambia asante akiwa hai kwa sababu kwetu mtu hamwambii kakake maneno kama hayo. Kwa hiyo nilitaka kumwambia kwa nyumba. Na kwa kuwa hakuna nyumba inayotosha kusema hivyo, kila nilipoifikiria iliongezeka ukubwa. Kitu kingine ni kwamba lengo kubwa lisilo na umbo lilinilinda. Hakuna aliyeweza kuninyooshea kidole aseme, Mwenyekiti, hapa ulisema utafika na hujafika. Sikuwa nimesema popote. Nilikuwa nimesema heshima tu, na heshima unaweza kuifuata miezi ukiwa bado njiani.

Mtu pekee aliyetaka kujua tuko wapi ni Mama Mkubwa Rispa. Kila jioni alikuwa akitupikia chai katika nyumba yake mwenyewe, sisi tuliokuja kumsaidia. Alikuwa hajapata jioni moja ya kukaa na watoto wake alie. Siku moja alinifuata hadi mlangoni, amebeba trei ya vikombe vichafu.

"Shemeji, tunaenda lini?"

"Hivi karibuni, shemeji. Tumefika pazuri."

"Hivi karibuni ni siku gani?"

Nilimweleza kuhusu tope, fundi na mabati. Nilieleza vizuri, mimi ni karani. Alinisikiliza hadi mwisho, akarudi jikoni. Sikumpa siku kwa sababu sikuwa nayo, na nilikasirika kwamba ameniuliza. Nilimwambia mama yako usiku huo kwamba Rispa hana shukrani. Ndivyo nilivyosema.

Mkutano uliofuata tulikuta mlango uko wazi na meza haina kitu. Rispa alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kile cha mwenyekiti, na vikombe vyote vilikuwa vimefungwa kwenye boksi.

"Leo hakuna chai," alisema. "Nimepiga simu nyumbani. Vijana wanakandika nyumba ya udongo tangu asubuhi, kando ya hiyo yenu. Jumamosi tunazika. Mwenye sare na aje, asiye na sare na aje."

Mtu mmoja akaanza, "Lakini mama, heshima ya marehemu..."

"Marehemu ni mume wangu," alisema. "Ako kwa jokofu."

Tulisafiri, tukazika Jumamosi ile, na hapo ndipo begi lako lilipopakiwa mara ya tatu. Nyumba ya udongo ilikuwa tayari, bado inanuka unyevu, ina mlango wa mbao za maboksi. Mwili uliletwa mbele ya mlango huo, na desturi ikakamilika. Unakumbuka watu wengi na wali. Labda unakumbuka pia kwamba ulimtafuta Kukhu ukaambiwa amekwenda hospitali. Kwa siku zote zile, mvua ikinyesha, alikuwa akilala nje kando ya moto kama desturi inavyotaka, mama mwenye umri ule, akingoja kitu nilichokiita karibuni. Majirani walimsihi aingie ndani. Aliwajibu kwamba Wafula amesema wako njiani. Alhamisi ya wiki ya mazishi alishindwa kupumua, wakambeba. Mwanawe wa kwanza alizikwa yeye akiwa kitandani mwa hospitali, na hakumwona.

Alipona, akaishi miaka kadhaa. Hakunilaumu hata siku moja, na ningependelea angenilaumu. Lakini kila nilipokwenda nyumbani, tukishakunywa chai, aliniuliza, "Wafula, alivaa shati gani?" Nilimwambia jeupe. Safari iliyofuata aliuliza tena. Hakuwa amesahau jibu. Alikuwa anatafuta kuona kitu ambacho nilimnyima kuona, na mimi sikuwa na kingine cha kumpa ila rangi ya shati.

Ile nyumba ya matofali iko pale mpaka leo, unaijua, mnahifadhi mahindi humo mkienda Desemba. Hujawahi kuuliza kwa nini haina madirisha. Yamo ndani, yameegemezwa ukutani, yana rangi yake ya samawati. Tulipojaribu kuyaweka hayakuingia kwenye matundu.

Sasa ningependa kukwambia kwamba baada ya hapo nilipata akili na kila kitu kikanyooka. Hapana. Nilipata woga. Ofisini nikawa mtu wa kuuliza kila mtu, tutajuaje kwamba tumemaliza? Lilikuwa swali zuri, ila nililiuliza kwa namna ambayo watu walianza kukwepa meza yangu. Hapa plotini, wakazi waliponifanya mwenyekiti tena, walitaka kamati ya kuleta usalama. Nikasema hapana, tutaweka geti moja na taa moja, na Ijumaa tutasimama chini ya ile taa tuone kama inawaka. Iliwaka. Watu walifurahi, nikavimba kichwa. Kisha wakataka mtaro wa maji machafu utengenezwe hadi barabarani, nikakataa. Nilisema ni kazi kubwa, hatutaimaliza. Ukweli ni kwamba ingewezekana, kwa vipande, mwaka mzima. Mimi nilitaka tu kazi ambazo sitashindwa. Mtaro ule bado unafurika mbele ya duka la Mama Njeri, na kila mvua ikinyesha ananiangalia.

Na woga huo ndio niliokupakulia wewe. Ulipokuja na barua ya chuo, kozi ya uhandisi, umeishika kwa mikono miwili, nilikwambia uchukue kozi fupi unayoweza kuimaliza. Nilidhani nakupa hekima ya Kukhu na Jumamosi yake. Kumbe nilikuwa nakupunguza. Uliikataa, ukafanya uhandisi, ukamaliza. Kwa hiyo jana niliposema maneno yale mezani, hukusikia swali kuhusu mradi. Ulisikia baba yuleyule. Nakuelewa. Nilikosea sauti, na nilikosea wakati ule wa barua ya chuo, na ninaomba unisamehe yote mawili.

Lakini sentensi bado siipendi, na siwezi kunyamaza kwa sababu tu nimeomba msamaha.

Yafikirie haya ukishafika, kabla ya Jumatatu. Uliporudi kutoka kule mwezi uliopita ulituonyesha picha ya yule mama mjamzito, Akiru, amesimama kwenye mchanga wa mto mkavu, anacheka. Ulitueleza kwamba mtoto wake wa kwanza alizaliwa mto ukiwa umejaa, hospitali iko ng'ambo, na mtoto hakuishi. Ulisema alikuuliza kama mahali pa kujifungulia patakuwa tayari wakati wake ukifika. Na ulitueleza kwa furaha ulivyomjibu. "Kabla ya mvua, mama."

Jana nilikuuliza utajuaje kwamba umemaliza. Nilipaswa kuuliza jambo jingine. Nani ameshaanza kungoja? Kwa sababu Akiru ameshaanza. Alipokusikia ukitaja mvua alihesabu miezi yake, na huenda ameacha mipango mingine aliyokuwa nayo. Nawe sasa unakwenda kusoma mbele yake sentensi isiyo na kitanda chake ndani. Kata nzima, afya, kuboresha. Hapo yuko wapi? Mvua ikija na kuta zimefika kiunoni, utaweza kuandika ripoti kwamba afya imeboreka kiasi, akina mama wamehamasishwa, semina zimefanyika, na hutakuwa umesema uongo. Mimi ningeiandika vizuri sana ripoti hiyo. Ningeongeza na picha.

Sikwambii ufute maono. Yaandike juu kabisa kwa herufi kubwa, wafadhili wayaone, na uyafuate maisha yako yote, mimi sitayagusa. Lakini chini yake weka kitu ambacho Akiru anaweza kukuuliza nacho. Chumba kimoja, kitanda, maji, taa, mkunga anayelala palepale, mlango unaofunguka upande huu wa mto, na siku yake. Kaa na fundi na mkunga na wale akina mama kabla hujasoma chochote, uwaulize kama inawezekana, na wakuone ukiwasikiliza. Ikiwezekana, isome kwa sauti, kisha mtu yeyote akikuuliza tumefika wapi, usimkasirikie kama nilivyomkasirikia Rispa. Huyo ndiye anayekusaidia kazi.

Na kama haiwezekani kabla ya mvua, mwanangu, mwambie hivyo Jumatatu. Utaona aibu. Watu hawatapiga makofi. Lakini Akiru atakuwa na muda wa kuvuka mto ungali mkavu, akakae kwa dada yake ng'ambo hadi ajifungue. Kukhu ningemwambia mapema kwamba itachukua miezi, angeingia ndani akalala kwenye kitanda chake, na angepata nguvu za kumzika mwanawe. Jibu la hapana lingemfaa. Lile neno langu la karibuni ndilo lililomweka kwenye baridi.

Huenda nimekosea. Wewe umesomea haya, na mimi ni mzee wa Mowlem mwenye madirisha yasiyoingia popote. Huenda mnaweza kata nzima na mimi nimezoea kupunguza. Sijui, na kutojua huko kumenitesa tangu jana. Sitaki usimame mbele yao ukiwa umebeba hasira yangu, nawe useme sentensi ile kwa kunikomoa. Ninaogopa hilo kuliko ninavyoogopa sentensi yenyewe.

Nasikia mama yako kwenye ngazi, anabishana na mtu kuhusu sanduku, kwa hiyo zipu imepona. Nitaiweka barua hii kati ya nguo zako, si juu, utaiona ukifika.

Nami nimejiwekea lengo la kesho, ulicheke ukitaka. Nitabeba sanduku hadi stejini. Sitasema neno lolote la mradi, wala la Akiru, wala la Baba Mkubwa. Nitakupa mkono, na kama utanikubalia nitakukumbatia, kisha nitasimama pale hadi basi liingie barabarani. Likiondoka nikiwa sijasema kitu, nimefaulu. Utakuwa shahidi, na barua hii ukiisoma tayari utakuwa na jibu.

Kuna jambo moja tu ninaloomba. Ukifika, mama yako atakuuliza utakuja nyumbani lini. Usimwambie hivi karibuni, wala usiniambie mimi. Tuambie siku, hata kama iko mbali, hata kama ni Desemba. Nitaiandika kwenye kalenda ya ukutani, niingie ndani, nilale.

Ni mimi baba yako,
Wafula